Mizani Inayoelea: Hotuba Juu ya Vyelezo vya Kale vya Kuvulia

Wavuvi wenzangu, wakusanyaji wa vitu vya zamani, na ninyi mliokuja kwa kuwa tu mmesikia kuna mtu atazungumza juu ya vyelezo, vile vidude vya kuelea vinavyofungwa kwenye mshipi wa ndoana, asanteni kwa kufika. Mbele yangu kuna jagi la kioo lililojaa maji, na sanduku la mbao lenye vyelezo zaidi ya 50, vingi vikiwa na umri mkubwa kuliko wangu. Nitavitoa kimoja kimoja na kuvitia majini. Nawaomba mtazame sehemu moja tu: pale uso wa maji unapokikata chelezo. Rangi na umbo tutavisifu baadaye.

Nasema hivyo kwa kuwa mtu akikutana na chelezo cha kale, jicho hukimbilia umbo. Hiki kama yai, hiki kama pia, hiki kina bawa, hiki kina tundu lisiloeleweka. Huuliza, "Hiki cha ajabu ni cha nini?" na hujibiwa, "Cha kuelea." Jibu hilo limenikera miaka mingi. Kuelea, hata kijiti kinaelea. Chelezo ni mizani. Upande mmoja wa mizani hiyo kuna hewa iliyofungiwa ndani ya nyoya, gamba la mti au mti wenyewe. Upande wa pili kuna ndoana, chambo, na chubwi, yaani kile kizito cha madini ya risasi kinachouzamisha mshipi. Samaki akigusa chambo ameongeza uzito au ameupunguza, na mizani inasema. Kila umbo la ajabu mtakaloliona leo lilitoka kwa mtu ambaye mizani yake ilikuwa haisemi vizuri, akaketi akaitengeneza upya.

Tuanze na hesabu kidogo, maana bila hiyo sanduku hili ni la mapambo. Archimedes alitufundisha kwamba maji humsukuma juu aliyezama kwa nguvu sawa na uzito wa maji aliyoyaondoa mahali pake. Walimu wa fizikia huiita nguvu hiyo kani eleza. Nikichukua kipande cha gamba la mkoki, lile gome jepesi linalotengenezewa vizibo vya chupa, chenye ujazo wa sentimita 10 za mchemraba, chenyewe kina uzito wa takriban gramu 2. Maji ya ujazo huohuo yana gramu 10. Kwa hiyo nahitaji gramu 8 hivi za risasi kukizamisha. Mvuvi huongeza punje moja moja mpaka gamba lote limezama na kubaki ncha peke yake nje.

Hapo ndipo jambo lenyewe linapoanza. Gamba likishazama, limemaliza kazi yake: limebeba risasi, basi. Kinachozungumza na mvuvi sasa ni ile ncha. Tazameni hii, yenye kipenyo cha milimita 6. Ili izame sentimita moja zaidi, samaki anapaswa kuvuta kwa gramu 0.28 hivi. Na hii nyingine ina kipenyo cha milimita 2. Kwa sentimita ileile inatosha gramu 0.03. Unene umepungua mara 3, wepesi wa kuhisi umeongezeka mara 9, kwa sababu kinachohesabiwa ni eneo la mkato na eneo hufuata kipenyo mara kipenyo. Kwa hiyo chelezo kikubwa kinaweza kuwa na hisia kali kuliko kidogo. Nimewahi kubishana na watu wazima juu ya hili mpaka jioni ikatukuta ukingoni. Leo nina jagi, kwa hiyo sibishani. Nadondosha punje moja ya gramu 0.06 kwenye kila kimoja, nanyi wenyewe mnaona: cha kwanza kimeshuka milimita 2, cha pili karibu sentimita 2.

Wazee walilijua hili kwa vidole kabla ya kuliandika kwa tarakimu. Mwaka 1496, huko Westminster, Uingereza, mpiga chapa Wynkyn de Worde alitoa risala ya uvuvi wa ndoana ambayo ndani yake mna maelekezo ya kutengeneza chelezo. Chagua gamba safi lisilo na matundu mengi, litoboe kwa chuma chembamba cha moto, pitisha bua la nyoya lililonyooka, kisha lichonge liwe nene katikati na jembamba pande zote mbili, na chini liwe na ncha kali zaidi. Halafu kinakuja kipimo ninachokipenda sana. Mishipi ya siku zile ilisukwa kwa singa za mkia wa farasi. Risala inaagiza kwamba mshipi wa singa moja upewe chelezo kisichozidi njegere. Wa singa mbili, maharage. Wa singa 12, jozi. Aliyeandika hakuwa na gramu wala milimita, lakini alielewa kwamba mizani lazima ilingane na uzi unaoibeba. Ukimpa mshipi mwembamba chelezo kikubwa, siku ya kuvuta kwa nguvu utakatika kabla chelezo hakijaacha maji.

Nyoya lenyewe linastahili heshima. Hili hapa ni la bata bukini: bua tupu, limejaa hewa, ukuta wake mwembamba kama ukucha. Ni jepesi mno, na ukilikanyaga limekwisha. Hili ni la tausi. Ndani si tupu. Lina kiini cheupe kama sifongo, kwa hiyo hata ukilikata vipande viwili, kila kipande kinaelea. Ndiyo maana mafundi walilipenda: unakata urefu unaoutaka, unaziba ncha kwa vanishi, na umepata chelezo. Na huu ni mwiba wa nungunungu. Ushikeni, upitisheni kwa jirani. Ni mgumu, una ncha mbili zilizojichonga zenyewe, na unabeba risasi kidogo kuliko nyoya la tausi la unene huohuo kwa kuwa wenyewe ni mzito zaidi. Lakini utaugonga kwenye mawe miaka 30 nao utabaki vilevile. Kati ya vyelezo vyangu vyote, vya miiba ya nungunungu ndivyo pekee ambavyo sijawahi kuvitengeneza upya, isipokuwa rangi na uzi wa kufungia pete.

Sasa tuingie kwenye vya ajabu kweli.

Hiki kinaonekana kama mpira mdogo wa kioo, na pembeni kina kizibo. Wapo wanaodhani ni pambo. Ni chelezo cha kutia maji, na siri yake hunifurahisha kila ninapoisimulia. Tuseme mpira una ujazo wa sentimita 30 za mchemraba, na ganda lake lina gramu 4. Ukiwa mtupu, ni mwepesi hata huwezi kuurusha. Upepo unakurudishia usoni. Ukiutia gramu 20 za maji, una gramu 24 mkononi na unakwenda mbali. Ukitua majini, zile gramu 20 za maji zinakuwa kama hazipo, kwa sababu maji ndani ya maji hayana uzito wa kuonekana: hayazamishi wala hayaelezi. Yaani umebeba risasi ya kurushia ambayo inatoweka inapofika. Halafu kuna faida ya pili. Mpira mtupu ungemlazimu samaki avute kwa gramu 26 ili auzamishe. Ukiwa na maji, anahitaji gramu 6 tu. Nimewahi kumsikia mtu akisema kwamba kwa hiyo samaki hahisi chochote. Hapana. Uzito umetoweka, lakini wingi wa mata haujatoweka. Bado samaki anapaswa kuusogeza mzigo wa gramu 24 uliotulia, na akivuta kwa kushtukia atauhisi. Ndiyo maana chelezo hiki kinafaa kwa samaki anayekula taratibu na kuondoka na chambo, na hakifai kwa yule anayedonoa na kutema.

Ndugu yake wa karibu ni chelezo kinachosimama chenyewe. Hiki ni cha bua la bata bukini, na mkikitikisa karibu na sikio mtasikia punje zikicheza ndani. Fundi amezifungia chini kabisa, kwa hiyo kitovu cha uzito kiko chini na kitovu cha kani eleza kiko juu yake. Kitupeni vyovyote, kitasimama. Faida ni kwamba mshipi unaweza kubaki bila risasi kabisa, na chambo kikashuka polepole kama kitu kilichodondoka chenyewe kutoka mtini. Kwa samaki wanaokula karibu na uso wa maji wakati wa joto, sijaona kitu bora.

Naomba niseme neno juu ya risasi. Ndani ya vyelezo hivi vya kale mna madini ya risasi, na punje za kubana mshipini za zamani zilikuwa za risasi pia. Bata maji huokota vijiwe chini ya maji ili kusagia chakula tumboni, na alikuwa akiokota punje za wavuvi pamoja navyo. Walikufa wengi kwa sumu hiyo. Tangu mwaka 1987 Uingereza imepiga marufuku uuzaji wa vizito vya risasi vya kuvulia kuanzia gramu 0.06 hadi 28.35. Kwa hiyo mkirithi kisanduku cha punje za kale, kitunzeni kama kumbukumbu. Majini tieni za bati au tangisteni. Chelezo cha kale hakijui tofauti. Kinachokijali ni gramu.

Turudi sandukuni. Hiki chenye pete ndogo mbili, moja chini na moja ubavuni, kimewasumbua wengi wanaokikuta kwenye masanduku ya urithi. Huona kwamba mshipi unapita tu katika pete bila kushikwa, wakadhani kuna kifungo kimepotea. Hakijapotea kitu. Ni chelezo kinachoteleza.

Fikirini shida iliyokizaa. Fimbo yako ina urefu wa mita 3 na nusu, na maji yana kina cha mita 5. Ukifunga chelezo mita 5 juu ya ndoana, hakuna namna ya kurusha. Mshipi unaoning'inia ni mrefu kuliko fimbo. Basi usikifunge. Kiache kiteleze mpaka karibu na chubwi, rusha, na chubwi likianza kushuka mshipi unapita ndani ya pete. Juu kwenye mshipi, kwenye kina unachokitaka, umefunga fundo dogo la uzi. Fundo linapita kwenye pete za fimbo, lakini pete ya chelezo ni ndogo zaidi, na hapo linakwama. Chelezo kinasimama. Zamani walitumia kipande cha mpira au unywele mgumu wa nguruwe badala ya uzi, na kazi ni ileile.

Uzuri wake ni namna kinavyosimulia. Chubwi likishuka, chelezo kinalala chali juu ya maji. Unahesabu polepole. Fundo likifika, kinasimama wima. Kikisimama kabla ya muda wake, kuna kitu kimeuvuta mshipi upesi kuliko chubwi linavyoweza: samaki amekipokea chambo njiani na kushuka nacho. Kikibaki kimelala baada ya hesabu kwisha, ama chubwi limefika chini kabla ya fundo, ama samaki amekibeba chambo palepale kati. Yaani kabla hata hujaanza kuvua rasmi, mizani imeshakupa habari tatu. Billy Lane wa Coventry, Uingereza, aliyekuwa bingwa wa dunia wa uvuvi wa ndoana mwaka 1963, ni miongoni mwa walioipa mbinu hii heshima yake. Wengi waliokuwa wameviacha vyelezo hivi masandukuni walivirudia baada ya kumwona.

Sharti lake ni moja: chubwi liwe zito kiasi cha kuuvuta mshipi upite. Mchanga unaokwama kwenye pete, au mshipi uliolowa na kunata kwenye ubavu wa chelezo, unaharibu kila kitu. Mimi nilipoteza asubuhi nzima kwa pete iliyojaa kutu ndani. Nje iling'aa, ndani ilikuwa msasa.

Vile vikubwa vyenye rangi nyekundu na nyeupe ni vya kumvulia paiki, yule samaki mrefu wa maji baridi mwenye meno mengi na mdomo kama wa bata. Tazameni ufa huu kutoka juu hadi chini. Mshipi unaingizwa kwa ubavuni, kisha kijiti kinachomekwa katikati kuubana. Kinaitwa kwa jina la jarida la wavuvi la Uingereza, *Fishing Gazette*, na faida ya ufa ni kwamba unaweza kukivaa au kukivua bila kufungua ndoana. Ni wazo la akili sana. Lakini kama mizani, naomba radhi kwa wanaokipenda, ni kibaya. Mpira wa gamba wenye kipenyo cha sentimita 5 una ujazo wa sentimita 65 za mchemraba, na unadai zaidi ya gramu 50 ili uzame. Paiki anayebeba samaki mdogo mdomoni akihisi mzigo huo nyuma yake, mara nyingi anatema. Kilitakiwa kubeba chambo kizito, na kwa kubeba kinabeba, kuhisi hakiwezi. Hiki chelezo kidogo kinachofuatana nacho, kama kishanga, kilikaa juu zaidi kwenye mshipi kuuzuia usizame kati ya fimbo na chelezo. Kazi ndogo, lakini mshipi uliozama huvuta chelezo pembeni na kukunyima pigo.

Kuna pia vile vya springi, ambavyo samaki akivuta, kitasa kinafunguka na springi inaukwatua mshipi yenyewe. Ninavyo viwili. Ni kazi nzuri ya mfua shaba, na nimevijaribu, na sitavijaribu tena. Mizani inayompiga kofi anayepimwa si mizani ninayoitaka.

Sasa nataka kukaa kidogo kwenye chelezo ambacho, kwa macho, ndicho cha kawaida kuliko vyote humu: kipande cha nyoya la tausi, kimefungwa chini tu kwa kipete cha mpira. Ajabu yake iko kwenye namna ya kukitumia. Katika miaka ya 1950, mvuvi Mwingereza Fred J. Taylor na ndugu zake walikuwa wakimvua tenchi, samaki wa matopeni mwenye utelezi na macho mekundu. Tenchi hula akiwa ameinamisha kichwa chini na mkia juu. Anafyonza chambo, kisha anajinyoosha. Chelezo cha kawaida hungoja samaki avute chini, tenchi huinua.

Wakageuza mizani juu chini. Chubwi moja, zito la kutosha kukizamisha chelezo chote, likabanwa mshipini sentimita 2 au 3 tu kutoka kwenye ndoana, likalala chini pamoja na chambo. Chelezo kikafungwa juu kidogo ya kina chenyewe cha maji, kisha mshipi ukakazwa taratibu mpaka chelezo kikasimama na kubaki ncha. Sasa chelezo kinavutwa chini na chubwi lililotia nanga. Tenchi akijinyoosha na chambo mdomoni, anainua chubwi. Kinachokishikilia chelezo kimeondoka, nacho kinapanda, kinapanda, kinalala. Mara ya kwanza kuona nyoya likiinuka kutoka majini kama kitu kinachovuta pumzi, sikuvuta. Nilikuwa nimezoea kungoja lizame. Samaki alikwisha kutema nami bado naangalia.

Nawasimulia haya kwa sababu kuna watu huandika kwenye vikaratasi vya makumbusho: "chelezo sahili cha nyoya." Usahili wake uko kwenye umbo tu.

Walioipeleka mizani hii mbali kuliko wote, kwa maoni yangu, ni Wajapani wanaomvua herabuna, samaki wa jamii moja na samaki wa dhahabu. Tazameni chelezo chao hiki hapa: mwili wa utete mwembamba, vingine hufanywa kwa nyoya la tausi, chini kijiti cha kusimamishia, juu kijiti kirefu chenye vipande vya rangi kama rula. Chambo chake ni donge la unga. Mvuvi anajua kwamba ndoana tupu inaacha nje vipande, tuseme, 8, na ndoana yenye donge jipya inaacha 3. Donge linapoyeyuka majini, chelezo kinapanda kipande baada ya kipande. Kwa hiyo ameketi ukingoni akisoma ni kiasi gani cha chambo kimebaki mita kadhaa chini ya maji asiyoweza kuona kitu ndani yake. Samaki wakilizunguka donge bila kuligusa, mikondo ya mapezi yao inalitikisa na kile kijiti kinacheza. Wakilila, kinazama kipande kimoja kwa ghafla. Mvuvi stadi hutofautisha hayo yote.

Kijiti hicho kina unene wa karibu milimita moja. Kwa unene huo, kuzama sentimita moja kunahitaji chini ya gramu 0.01. Hapo mambo mapya huingia, ambayo kwenye chelezo kinene hayaonekani. Uso wa maji wenyewe hunata. Maji hupanda kidogo kwenye kijiti kilicholowa na kukivuta chini, na kwenye kijiti chenye mafuta hufanya kinyume, hukisukuma juu. Nguvu hiyo kwa milimita moja ya kipenyo inaweza kufika gramu 0.02, maradufu ya tunachokipima! Mafuta ya kidole chako, ukishika ncha baada ya kula, yanatosha kuidanganya mizani. Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu, na kijiti hiki ni chungu kweli. Ndiyo maana nimewapa mshike mwiba wa nungunungu, na hiki sijawapa. Msinifikirie vibaya.

Kwa wepesi huohuo, maji ya chumvi pia yanakidanganya. Bahari ina uzito wa asilimia 2.5 hivi zaidi ya maji ya mto. Chelezo kilichobeba jumla ya gramu 10 kwenye mto kitadai robo gramu zaidi baharini. Kwa ncha ya milimita 2, robo gramu ni sentimita 8 za ncha kuchomoza juu. Chelezo kikikukosea, kwanza jiulize ni maji gani.

Giza lina vyelezo vyake. Hiki kina kibomba kidogo cha kioo kwenye ncha. Ndani mna gesi ya tritiamu na ukuta wake umepakwa unga unaong'aa ukipigwa na mnururisho wa gesi hiyo. Hakuna betri, hakuna waya. Wavuvi wa usiku walivitumia tangu miaka ya 1970 kwa mikunga na tenchi. Tritiamu hupungua nusu kila baada ya miaka 12.3. Chelezo cha umri wa miaka 49 kimepita nusu 4, kwa hiyo kimebaki na sehemu moja kati ya 16 ya gesi yake. Zimeni taa kidogo... Mnaona? Kama jicho la mdudu. Nawasihi msikivunje kamwe kibomba hicho, na kikivunjika fungueni madirisha.

Nina mpira mmoja wa kioo cha kijani ambao si wa ndoana bali wa wavu, na sikuweza kuuacha nyumbani. Wavu nao unahitaji mizani: ukingo wa juu uelee, wa chini uzame. Jambo hilo ni la kale sana. Mwaka 1913 huko Antrea, Karelia, karibu na mpaka wa Finland na Urusi, ulifukuliwa wavu wa nyuzi za gome la mti wenye umri wa zaidi ya miaka 10,000, ukiwa pamoja na vyelezo 18 vya gome la msonobari na mawe 31 ya kuzamishia. Gome na gamba hulowa na kuchoka. Katika miaka ya 1840 Wanorwei walianza kutumia mipira ya kioo kwenye nyavu za Lofoten, na Wajapani wakafuata mwanzoni mwa karne ya 20. Mpira wangu huu una kijiko kizima cha maji ndani, na hauna tundu. Uliwahi kuvutwa chini sana na wavu. Kila mita 10 za kina huongeza shinikizo sawa na la hewa yote iliyo juu yetu, na maji yalipenyezwa kwenye ufa usioonekana karibu na kitufe alichozibia mpuliza kioo. Uliporudi juu, ufa haukuyaachia. Tikiseni msikie.

Kabla sijamaliza, nitoe kimoja nilichokipata bila maelezo yoyote, ndani ya kisanduku pamoja na ndoana zilizooza. Mwili wake ni wa gamba, umbo la pera. Juu yake kuna bua refu jembamba, sentimita 20 kamili. Chini kuna pete ya shaba, na karibu na pete kuna kizibo cha mti. Kwenye bua kuna mikwaruzo 4 ya kisu. Nilikaa nacho miezi bila kukielewa.

Nikafungua kizibo. Ndani mna uwazi, na ndani ya uwazi punje. Basi kinasimama chenyewe, na mwenyewe aliweza kuongeza au kupunguza. Nikakitia majini: pera lote likazama, bua likasimama nje. Nikayatikisa maji. Mawimbi yakapanda na kushuka juu ya bua, chelezo kikatulia palepale, kwa sababu bua ni jembamba na wimbi likilipanda linaongeza kani eleza ndogo mno. Kwa hiyo alivua maji ya wazi, yenye upepo, mbali kiasi cha kuhitaji ncha ndefu ya kuonekana. Mshipi ulifungwa chini peke yake, ukazama, upepo usiukamate.

Ikabaki mikwaruzo. Naomba aliye karibu na jagi asogee asome nasi. Nakitia bila ndoana: maji yamegusa mkwaruzo wa chini kabisa. Sasa naongeza ndoana tupu ileile iliyokuwa kisandukuni, nyayo zake za kutu bado zinaonekana. Wa pili. Naongeza kipande cha mkate kilicholowa. Wa tatu, au karibu sana. Nina mnyoo kwenye kopo hili.

Soma, tafadhali, kwa sauti.